Wimbo wetu usikatwe maneno

Kuna watu wanasema kijana mkimbizi akipata wimbo wake kwenye televisheni ashukuru tu, asiulize mengi. Sisi vijana wa hapa Bukirasazi tunasema hapana. Kushukuru ni vizuri, lakini kuuliza nako ni haki.

Tuangalie mfano wa K'naan. Huyu ni Msomali, mzaliwa wa Mogadishu. Mwaka 1991 alikimbia vita akiwa bado mtoto, akafika Marekani, halafu Kanada. Mwaka 2009 akatoa wimbo «Wavin' Flag». Ndani yake kulikuwa na vita, njaa, na watu wenye wanangoja uhuru. Ulikuwa wimbo wa mtu kama sisi.

Kampuni ya Coca-Cola ikauchukua kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini. Ila kwanza maneno yakabadilishwa: vita ikatoka, sherehe ya mpira ikaingia. Toleo hilo ndilo lilipigwa kwenye televisheni mpaka watoto wote wakalijua. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, iliangukia katikati ya mashindano yale. Watu waliimba wimbo wa mkimbizi siku ya wakimbizi, na wengi hawakujua.

Hatumlaumu K'naan. Alikubali mwenyewe, na wimbo ulimfungulia njia. Lakini mwaka 2012 aliandika katika gazeti la New York Times jinsi alivyoanza kujizuia maneno yake ili apendwe na redio za Marekani. Hakuandika kama mtu mwenye furaha.

Kombe lile lile lilikuwa na wimbo rasmi, «Waka Waka» wa Shakira. Kiitikio chake kinatoka Kameruni, kwa kundi la Golden Sounds, wanajeshi waliotoa «Zangalewa» mwaka 1986. Ulikuwa wimbo wa kucheza na kuchekesha, watu wakaupenda kwenye sherehe. Wenyewe ilibidi wafuatilie haki yao mpaka wakakubaliana. Kwa hiyo mmoja alipoteza maneno, na wengine nusura wapoteze jina.

Sasa turudi kwetu. Mwaka jana, kwenye mashindano ya mpira hapa kambini, mama zetu na dada zetu waliimba wimbo wa arusi wa kijijini kwetu Kivu. Ni wimbo wa furaha, lakini katikati wanaitwa wale ambao hawakufika kwenye karamu. Kila mtu anaita wake. Wageni wakarekodi. Baadaye tukaiona video: makofi yapo, ngoma ipo, vicheko vipo. Pale penye kuita majina pamekatwa. Na waimbaji wameandikwa «wakimbizi wakifurahi», basi.

Wakubwa wetu wa mashirika, tunajua mtajibu nini. Video lazima iwe fupi. Watu wamechoka na habari za huzuni. Tena kuweka majina kunaweza kuleta hatari. Hili la mwisho ni kweli kabisa, kuna wenzetu wanaotafutwa. Lakini si mtuulize? Mwenye kuogopa atasema «jina langu acha», mwenye kutaka ataandikwa. Kunyamazisha wote kwa sababu ya baadhi si ulinzi. Na huzuni yetu haiharibu sherehe. Kwetu arusi bila kuwakumbuka wasiokuwepo haijakamilika.

Tunaomba mambo matatu tu. Kabla ya kurekodi, mtu atueleze video inakwenda wapi. Kabla ya kuitoa, waimbaji waione. Na kama kuna pesa itatoka kwenye wimbo, hata kidogo, tujue.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Tuchukue daftari, tukae na mama zetu, tuandike maneno yote ya nyimbo hizi, na nani alimfundisha nani. Wenzetu wa Gasorwe, Muyinga, fanyeni hivyo pia, kisha tubadilishane. Wimbo wenye haujaandikwa popote, ukikatwa hakuna wa kusema umekatwa.

Tarehe 20 Juni tutaimba ule wimbo wa arusi wote, mwanzo mpaka mwisho. Mwenye kutaka kurekodi aje kwanza kwenye mazoezi, akae nasi, aulize. Kiti kipo.