MAMBO YA MOTOKAA: Land Rover Inayozimika Kivukoni

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa upande wa Msambweni, ametuletea swali ambalo naona yafaa lijibiwe hapa mbele ya wote, kwa kuwa lawahusu wengi wenye motokaa za zamani. Yeye ana Land Rover ya petroli ya mwaka 1966, ambayo ndiyo huchukulia nazi na machungwa yake hadi soko la Kongowea. Asema kwamba akiwa katika msururu wa kungojea kivuko cha Likoni, injini hutetemeka, mlio wake hupanda na kushuka, kisha huzimika. Lakini akiisha kushika barabara huenda vizuri, na hata mlima wa kupandia Kwale huupanda bila taabu. Fundi mmoja amemwambia kwamba injini imekwisha, na yapasa ifunguliwe yote na kutiwa pistoni na ringi mpya. Fedha za kazi hiyo hana, ila auze ng'ombe wawili. Auliza: auze?

Asiuze kwanza. Ushahidi ameutoa mwenyewe katika barua yake, ila hakuutambua. Injini iliyochoka pistoni na ringi hujulikana mlimani: hukosa nguvu, hutoa moshi wa rangi ya buluu, na hunywa oili kila siku. Hii yake ni kinyume. Mlimani ni nzima. Ugonjwa wake ni kusimama. Injini ya namna hiyo mara nyingi yavuta hewa ya wizi, na mahali pa kutazama kwanza ni manifoldi, yaani lile bomba lenye matawi litoalo hewa na petroli katika kabureta na kuzigawia silinda.

Sababu yake ni hii. Dereva akiinua mguu, kilango kilichomo ndani ya kabureta hujifunga karibu kabisa. Pistoni zaendelea kuvuta, lakini hewa hazipati, basi mvuto ndani ya manifoldi huwa mkubwa sana. Penye ufa, hata wa unene wa karatasi, hewa ya nje huingia kwa nguvu, nayo haikupimwa na kabureta wala haikuchanganywa na petroli. Silinda iliyo karibu na ufa hupata chakula chepesi mno, ikashindwa kuwaka sawasawa. Mlimani dereva hukanyaga mafuta, kilango hufunguka wazi, mvuto hupungua, na ile hewa ya wizi huwa kama tone katika pipa.

Walakini asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa kuvumilia. Mchanganyiko mwepesi huwaka kwa joto kali, na joto hilo huunguza valvu. Hapo ndipo gharama kubwa huja kweli.

Kupima si kazi ngumu. Injini ikiwa inazunguka polepole, achukue kopo la oili lenye mdomo mwembamba, adondoshe oili kidogo penye maungio ya manifoldi na injini, mahali pamoja baada ya pengine, kisha penye kikalio cha kabureta. Mlio ukibadilika ghafula, tundu li hapo. Maji yenye sabuni, yakipakwa kwa brashi, yafaa vilevile. Wako mafundi wanaotumia petroli kwa jambo hili. Mimi nasema hiyo ni njia ya kuteketeza motokaa na mkono wa fundi pamoja, kwa kuwa bomba la moshi lenye moto liko papo hapo. Tena afungue plagi zote nne azitazame: ile ya silinda inayoibiwa huwa nyeupe kuliko wenzake.

Sisi wa pwani tuna adui ambaye watu wa bara hawana. Kuanzia Diani mpaka Vanga upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, huja na chumvi. Ikiwa manifoldi ni ya alumini, kama zilivyo nyingi, na stadi zake ni za chuma, unyevu wa chumvi ukiingia kati ya madini hayo mawili alumini huliwa, ikawa unga mweupe. Unga huo hukaza stadi kana kwamba zimechomelewa.

Kwa hiyo kufungua kuanze jana yake jioni, kwa kutia oili nyepesi ya kulegeza kutu katika kila nati. Asubuhi, injini ikiwa baridi na waya wa betri umetolewa, aondoe bomba la hewa, bomba la petroli, na kabureta, kisha nati za bomba la moshi. Nati inayokataa asishindane nayo kwa bomba refu juu ya spana. Aizungushe mbele kidogo na nyuma kidogo, huku akiongeza oili. Stadi ikikatikia ndani ya silinda hedi, kazi ya saa tatu huwa ya siku tatu. Manifoldi ikiisha kutoka, matundu ya injini yazibwe kwa vitambaa safi, naye avihesabu.

Katika Land Rover hiyo manifoldi ya hewa na ya moshi zimeunganishwa, ili joto la moshi liivushe petroli. Hapo ndipo wengi hukosea. Huikaza ile miungano kwanza, kisha huzifunga zote mbili kwenye injini; nyuso zisipolingana, gasketi hubanwa upande mmoja na upande wa pili hubaki wazi. Yafaa nati za miungano ziachwe zimelegea, manifoldi zikazwe kwenye injini kwa gasketi mpya, kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo kwa zamu, na miungano ikazwe mwisho.

Kabla ya hayo aweke rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi aielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, uso umepinda, na gasketi mbili hazitauponya. Zipelekwe Mombasa kwa fundi wa mashine, zote mbili zikiwa zimeungwa, zisawazishwe pamoja. Na ikiwa ya hewa imepasuka, naye amepata nyingine iliyotumika, asiinunue kwa kuitazama tu. Azibe matundu yake, aijaze mafuta ya taa, angoje. Ufa usioonekana kwa jicho utatoa jasho.

Gundi ya mpira asiipake. Petroli huilainisha, na vipande vyake huvutwa ndani.

Ziko motokaa za umri huo zinazoshindana mpaka leo katika Safari Classic, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza ya 1953. Lakini zile hufuatwa na mafundi na magari ya vipuri. Mkulima wa Msambweni hana ila sanduku lake la spana, basi baada ya siku chache azikaze tena nati zote, injini ikiwa baridi, ndipo arekebishe parafujo ya mwendo wa polepole.

Ikiwa baada ya hayo bado inazimika, apimiwe mgandamizo wa kila silinda. Moja ikiwa chini kuliko nyingine, basi huenda valvu imekwisha kuungua. Hiyo ni kazi ya kuinua silinda hedi peke yake, nayo nitaieleza juma lijalo.