Kwanza chapati, x baadaye

Watoto wa jirani wanaokuja barazani kwangu jioni, hapa Morogoro, wote wanaijua njia ya kuondoa ya kutatua milinganyo miwili. Zidisha mlinganyo wa juu, zidisha wa chini, toa. Waulize kwa nini inaruhusiwa kutoa mlinganyo mzima kwenye mwingine: kimya, hadi mmoja aseme, "Mwalimu kasema."

Huwa nawafungisha madaftari. Kwa mama lishe, meza moja wamekula chapati 3 na chai 2, wakalipa shilingi 2,100. Meza ya pili, chapati 3 na chai 4, shilingi 2,700. Chai bei gani? Hakuna anayetafuta kalamu. "Mia tatu, Babu!" Chapati zimelingana, kwa hiyo 600 iliyozidi ni ya chai mbili. Wameshaondoa, tena bila x.

Kisha nawahamishia kwa mama lishe mwingine. Chapati 3 na chai 2 ni 1,700. Chapati 2 na chai 5 ni 2,050. Sasa chapati zimegoma kulingana. Basi meza ya kwanza waagize vilevile mara mbili, ya pili mara tatu: chapati 6 huku, 6 kule. Chai zimepishana 11, pesa 2,750. Chai ni 250, chapati 400. Kumbe kuzidisha ni kurudia oda tu, wala si uchawi wa ubaoni.

Wachina waliyajua haya zamani sana. Sura ya nane ya Jiuzhang Suanshu, kitabu cha enzi za Han, inaanza na mafungu ya nafaka: bora, ya kati na hafifu. Walipanga vijiti na kuondoa safu kwa safu. Mwaka 263 mwanahisabati Liu Hui alikwishaeleza kwamba kutoa hivyo hakuharibu usawa wa kinachobaki. Gauss, Mjerumani ambaye njia hii inaitwa kwa jina lake, alizaliwa 1777!

Panaponiuma zaidi ni pale vyote vinapotoweka. Chapati 2 na chai 2 kwa 1,300. Chapati 4 na chai 4 kwa 2,600. Ukiondoa unabaki na 0 = 0, na mtoto anadhani amekosea. Hakukosea, meza ya pili haikumwambia jipya. Kama ingelipa 2,800, angepata 0 = 200, maana yake hapo bei si moja: kuna aliyepunjwa. Hilo la kuambiwa "hakuna jibu" halimfundishi kitu, na kidato cha kwanza anaambiwa kwa Kiingereza juu yake.

Walimu wenzangu, wiki ya kwanza ya mada hii x na y zikae pembeni. Na anayemaliza swali bila kurudisha jibu lake kwenye milinganyo yote miwili asipewe alama zote.