Kangaga halina kosa

Nimesoma makala inayoliita kangaga la mikokoni gugu tu; ni nzuri, ila kwa hilo sikubaliani na mwandishi. Mmea huu, kitaalamu Acrostichum aureum, ni mwenyeji wa delta ya Rufiji. Kwake ni ukingo wa juu wa mikoko, bahari inakofika kwa nadra na maji ya mto hupunguza chumvi. Geuza jani lililokomaa uangalie sehemu ya kuelekea nchani: mgongo wake wote umefunikwa na unga wa rangi ya kutu. Hizo ni spora, nazo husafiri na upepo.

Msitu ukiwa mzima, kivuli hulibana likabaki vichaka vya hapa na pale. Sisi ndio tunaolifungulia njia tunapofyeka mikoko kupanda mpunga, kisha shamba likichoka tunalihama. Hapo makangaga husongamana, yakapita kimo cha mtu, na mche wa mkandaa, aina ya mkoko, hauoni jua. Kukata majani peke yake ni kazi bure, kwa sababu shina lililo topeni huchipua tena. Wanaopanda mikoko warudi kupalilia hadi miche iyapite makangaga.