Visikilizio vya bei nafuu: Mchinga ipime kwa sikio, si kwa boksi

MINADA ya ufuta inapoanza katikati ya mwaka, fedha huonekana Mchinga. Malipo ya stakabadhi ghalani yakishaingia, mkulima kijana hulipa deni la dukani, huongeza bati mbili tatu juu ya nyumba, na kinachobaki hukitafutia kitu cha kujifurahisha. Zamani kitu hicho kilikuwa redio ya kaseti. Siku hizi ni simu, na baada ya simu ni visikilizio visivyo na waya, ambavyo mitaani huitwa "airpods" hata kama kampuni ya Apple haijapata kuviona. Korosho zikishauzwa mwishoni mwa mwaka, hali hiyo hujirudia.

Kwa mwenye duka la vifaa vya simu kando ya barabara ya Kilwa-Lindi, miezi hiyo ndiyo ya kurudisha mtaji. Mzigo anaoagiza Kariakoo ukiwa mbovu, au ukiwa mzuri lakini haukai kwenye masikio ya wateja wake, atakaa nao mpaka masika yapite. Hivyo swali la aina gani ya kisikilizio inunuliwe si la vijana wa mjini peke yao. Ni swali la mtaji.

Bidhaa hii iko ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ina vipira laini vya silikoni vinavyoingia kwenye tundu la sikio na kuliziba. Ya pili haina vipira. Kichwa chake cha plastiki hukaa kwenye bakuli la sikio, nje ya tundu, na kijiti kifupi huteremka kuelekea shavuni. Yenye vipira inasifiwa sana kwenye matangazo kwa sababu ya besi nzito na kwa kuzuia kelele. Sifa hizo ni za kweli. Lakini kwa pwani ya Lindi, na kwa mnunuzi mwenye Sh. 20,000/- au 30,000/- tu mfukoni, aina isiyo na vipira ndiyo inayostahili nafasi kubwa zaidi rafuni.

Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Mchinga ni joto na unyevu wa bahari. Sikio lililozibwa kwa silikoni hutoka jasho, jasho halipati njia, na baada ya saa moja mtu huanza kujikuna. Fangasi wa masikio hupenda mahali penye joto na unyevu, na mvuvi au mwokota pweza ambaye masikio yake yameshaingia maji ya chumvi alfajiri hana sababu ya kuyafunga tena mchana. Kisikilizio kinachokaa nje ya tundu huacha hewa ipite. Hata hivyo, masikio yakaushwe kwanza.

Sababu ya pili watengenezaji wachache huifikiria. Wateja wengi wa pwani ni wanawake wanaovaa mtandio. Kitambaa kikifungwa vizuri hukandamiza sikio, na kisikilizio chenye kipira husukumwa ndani zaidi hadi kikaumiza. Kile kisicho na kipira hulala bapa chini ya kitambaa, na kasoro yake kubwa, yaani kuanguka, huondolewa na mtandio huo huo. Muuzaji anayejua jambo hili ana soko ambalo jirani yake halioni.

Tatu ni matumizi yenyewe. Mtu anayesikiliza mawaidha, utangazaji wa mpira, taarifa ya habari, au anayepiga simu kuuliza bei ya samaki Lindi mjini, anasikiliza sauti ya binadamu. Simu za kawaida kwa miaka mingi zilipitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na watu walielewana vizuri. Besi ambayo kisikilizio kilicho wazi huipoteza iko chini ya hapo. Anayetaka ngoma imgonge kifuani ataona upungufu, naye ahudumiwe kwa aina yenye vipira bila kubishiwa.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Kisikilizio kilicho wazi huruhusu kelele ya nje, na mtu aliye ndani ya basi au karibu na jenereta hushawishika kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa 4 kwa wiki. Kwa hiyo mteja ambaye kazi yake ni ya kelele siku nzima hafai kuuziwa aina hii kwa kuwa ni rahisi. Dereva wa bodaboda naye, aina yoyote achukue, asizibe masikio yote mawili akiwa barabarani. Malori ya barabara ile hayana subira.

Sasa ugumu wenyewe. Kisikilizio chenye vipira kwa kawaida huja na saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Kisipoenea, hubadilishwa kipira. Kisicho na vipira kina saizi moja tu, ile aliyoichora mhandisi kiwandani, na masikio ya watu hayakutoka kwenye kalibu moja. Kwa mmoja kitakaa kama kimezaliwa naye, kwa mwingine kitateleza kabla hajamaliza kusema shikamoo. Hakuna namna ya kujua isipokuwa kukijaribu.

Na hapa ndipo biashara ya kijijini inapokosea. Utaratibu wa "boksi likifunguliwa umenunua" unafaa kwa sabuni na betri za tochi. Kwa bidhaa hii unamwumiza mnunuzi mwanzo na muuzaji baadaye, kwani mteja aliyeumia sikio hurudi na maneno, na maneno yake hufika Kilolambwani kabla ya jioni. Muuzaji mwenye busara angetoa jozi moja katika kila aina iwe ya kujaribia, ifutwe kwa spiriti na kitambaa kikavu kila inapotumika, na mteja aachwe nayo robo saa nzima. Dakika mbili hazitoshi. Maumivu ya plastiki kwenye gegedu la sikio huja polepole, na mtu anapaswa kuongea, kutafuna na kuinama kama anayefunga kamba ya ngalawa ndipo ajue kama kitabaki mahali pake.

Wapo watakaosema jozi ya kujaribia ni hasara. Tuchukue mfano. Tuseme muuzaji amenunua jozi 20 kwa Sh. 12,000/- kila moja, jumla Sh. 240,000/-, na anauza kwa Sh. 18,000/-. Akitoa moja ya kujaribia na kuuza 19 zilizobaki, atapata Sh. 342,000/-, yaani Sh. 102,000/- juu ya mtaji kabla ya nauli. Akiuza kwa boksi lililofungwa na 5 zikarudishwa au zikamfia mkononi, mauzo yatakuwa Sh. 270,000/- na ziada Sh. 30,000/-. Nauli ya Dar es Salaam kwenda na kurudi itaimaliza.

Majina nayo yanachanganya, hata kwa waliozoea. Apple ilitangaza AirPods za kwanza mwaka 2016 bila vipira, lakini AirPods Pro za mwaka 2019 zina vipira, na AirPods 4 za mwaka 2024 hazina. Samsung Galaxy Buds 2 za mwaka 2021 zina vipira; Galaxy Buds 3 za mwaka 2024 hazina, ila ndugu yao Galaxy Buds 3 Pro anavyo. Xiaomi ilitoa Redmi Buds 3 mwaka 2021 bila vipira, kisha Redmi Buds 4 ikaja navyo. Anayeagiza kwa simu kutoka kwa mtu wa jumla asitaje jina na namba pekee. Aombe picha ya kichwa cha kisikilizio chenyewe, si ya boksi.

Kwa bei, hao wakubwa si wa kuzungumziwa Mchinga. AirPods 4 ya bei ya chini ilitoka Marekani kwa dola 129. Dola ikihesabiwa kwa Sh. 2,500/-, hiyo ni Sh. 322,500/- kabla ya usafiri na kodi. Mkulima aliyeuza ufuta kwa Sh. 3,000/- kilo, kwa mfano, angetoa zaidi ya kilo 107 kwa ajili ya vitu viwili vyenye uzito wa gramu nne na kidogo kila kimoja. Kwa hiyo boksi lenye tufaha lililong'atwa, linalouzwa Sh. 15,000/-, linajieleza lenyewe. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ingali inafanya kazi, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Kisikilizio cha kiwanda kidogo cha Shenzhen kilichoandikwa jina lake halisi, hata kama jina hilo halitamkiki, ni mali salama zaidi kuliko hicho.

Wananchi wanakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia kwa kutumia namba za IMEI. Visikilizio havina IMEI. Hakuna atakayevizima kutoka Dar es Salaam, na mnunuzi ni mkaguzi wa mwisho.

Akague nini? Maandishi ya "ENC" kwenye boksi huwadanganya wengi. Hayo ni ya kipaza sauti: hupunguza kelele anayoisikia mtu wa upande wa pili wa simu. Kinachopunguza kelele masikioni mwa msikilizaji huitwa "ANC", na kwa kisikilizio kisichoziba sikio nguvu yake ni ndogo hata kwenye bidhaa ghali. Mwenye bajeti finyu asiongeze hata shilingi elfu mbili kwa sababu ya herufi hizo. Alama ya IPX4 ina maana zaidi pwani, kwani huonyesha kifaa kinahimili matone ya maji na jasho. Kukitosa baharini ni jambo jingine.

Kisha apige simu, si kucheza muziki tu. Avitoe vyote viwili kwenye kasha, ahesabu hatua kumi kutoka kwenye simu, avirudishe, afunge, afungue tena. Ugonjwa wa kawaida wa bidhaa hafifu ni upande mmoja kugoma kuungana na mwenzake. Aangalie pia vile vidoti vya shaba vya kuchajia ndani ya kasha. Hewa ya chumvi huvila, na vikishakuwa na ukungu wa kijani upande mmoja hautachaji.

Anayeona masharti haya mengi kuliko fedha yake, mathalani mwenye Sh. 7,000/-, anashauriwa achukue vya waya vyenye kichwa bapa. Simu nyingi za bei ya chini bado zina tundu la kuchomekea. Vitu hivyo havina betri ya kufa, upande mmoja haupotei mchangani, na haviingii ndani ya sikio. Muuzaji asione haya kuviweka mbele kabisa. Faida yake kwa kimoja ni ndogo, lakini haigandi.

Betri ndiyo hatari isiyotajwa sana. Kila jozi isiyo na waya ina betri tatu za lithiamu: mbili ndogo mno ndani ya visikilizio na moja kwenye kasha. Betri hizi hupungua chaji zenyewe hata zikiwa zimekaa tu, na zikibaki tupu kwa miezi mingi huharibika kabisa. Mzigo ulioletwa Julai kwa ajili ya fedha za ufuta, ukabaki, ukapita korosho, ukakaa masika nzima kwenye rafu yenye joto chini ya bati, unaweza kufunguliwa Juni inayofuata ukiwa maiti ndani ya maboksi mazuri. Mwenye duka ataapa ameuziwa bidhaa mbovu, kumbe nyingine zimemfia mwenyewe. Dawa yake ni ndogo: kila baada ya miezi miwili au mitatu maboksi yafunguliwe na kila kasha lichajiwe mpaka kiasi cha nusu. Ni kazi ya jioni moja.

Aidha, si lazima kuagiza katoni nzima. Mwezi Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam-Lindi eneo la Somanga, ilionekana jinsi mzigo wa kusini unavyoweza kukwama, na wengine tangu hapo hupenda kujaza rafu mapema. Kwa unga na mafuta ya kula hesabu hiyo ni sahihi. Kwa bidhaa inayokufa ikiwa rafuni, jozi kumi, sita zisizo na vipira, mbili zenye vipira na mbili za kuning'inia juu ya sikio kwa waendesha bodaboda, zinatosha kuanzia mnada wa kwanza, na basi la jioni kutoka Dar es Salaam litaleta nyingine zikihitajika.