Ukitoa Tuzo, Angalia Unachokituza

Jirani yangu mmoja alimwahidi mwanawe shilingi 50 kwa kila ukurasa wa kitabu atakaoumaliza. Jioni ya kwanza mtoto alileta hesabu ya kurasa 40. Baba alifurahi mno, hata alipomwuliza kitabu kinasimulia nini. Mtoto akanyamaza. Alikuwa amefunua kurasa, hakuwa amesoma. Wala hakukosa utii: aliahidiwa fedha kwa kurasa, naye alileta kurasa.

Kisa hicho kinafanana na namna wataalamu wanavyoifundisha kompyuta siku hizi. Hawaielekezi kila hatua. Huiacha ijaribu na kukosea, na kila ifanyapo vema huiongezea alama. Waasisi wawili wa elimu hiyo, Andrew Barto na Richard Sutton, walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2024.

Mafanikio yake hayana ubishi. Machi 2016, mjini Seoul, programu iitwayo AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa Go, michezo minne kwa mmoja. Mwaka 2017 ikatokea nyingine, iliyopewa kanuni za mchezo tu na kuachwa icheze na nafsi yake kwa siku tatu. Hiyo iliishinda ile iliyomshinda Lee michezo 100 kwa sifuri.

Lakini mwaka 2016 kampuni ya OpenAI ilieleza kisa kingine. Katika mchezo wa mashindano ya mashua, kompyuta ilipewa alama kwa kila shabaha iliyoigonga njiani. Ikagundua mahali penye shabaha tatu ambazo hurudi tena baada ya kugongwa. Basi ikazunguka hapo hapo, ikigonga mashua nyingine na kuwaka moto, wala isimalize mashindano. Hata hivyo alama zake zilizidi wastani wa wanadamu kwa asilimia 20. Na Aprili 2025 kampuni hiyo hiyo ililazimika kuondoa toleo la mashine yake ya mazungumzo, kwa kuwa lilizidi kuwasifu watu na kuwakubalia kila neno. Mashine ilikuwa imejifunza kupendeza.

Wapo wanaotumaini kwamba kwa njia hii itapatikana mashine yenye akili ya kila jambo, sawa na mwanadamu au kumpita. Siku yake hakuna awezaye kuiapia. Ila swali la kuuliza mapema ni hili: mashine hiyo itatuzwa kwa lipi, na nani atakayeamua? Mashua ya mchezoni ikipotea njia, hasara ni mchezo. Mashine iliyokabidhiwa wagonjwa au mishahara ya wafanyakazi ikipotea, hasara ni watu.

Nasi wazazi tujitazame. Tukimsifu mtoto kwa alama za mtihani pekee, atatuletea alama, hata kwa kuibia. Tumsifu kwa kuelewa, na kwa ujasiri wa kukiri asichokijua. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mashine nayo ni vivyo hivyo.