Gego la utotoni lising'olewe ovyo

Na Namkunda Mchome

Mtoto akifika darasa la kwanza, mzazi wa Same, awe Hedaru kando ya barabara kuu au Vudee juu mlimani, huona meno mapya ya mbele ya chini yakichomoza nyuma ya yale ya utotoni, yamebanana na kupinda. Wengi hushtuka, wakataka yale ya utotoni yang'olewe. Nasema macho yetu yageukie kwenye magego, maana huko ndiko nafasi ya meno ya mbele inakopotelea.

Meno hayo ya mbele ya kudumu hutoka kati ya miaka 6 na 7, nayo ni mapana kuliko yaliyoyatangulia. Kubanana kwa milimita 1 au 2 katika umri huo ni sehemu ya ukuaji, na meno ya utotoni yakishadondoka, ulimi huyasukuma mapya mbele. Aidha, gego la mwisho la utotoni ni pana kuliko jino litakalolirithi. Likidumu hadi miaka 10 au 12, huacha ziada ya takriban milimita 2 kila upande. Likiondoka mapema kwa kuoza, gego la kudumu lililo nyuma yake husogea mbele na kuila nafasi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wanafunzi 1,601 wa Kinondoni na Temeke, wenye miaka 12 hadi 14, ulikuta karibu theluthi mbili wana kasoro ya mpangilio wa meno, na waliokuwa na meno yaliyooza waliathirika zaidi. Nako kung'oa chonge changa za watoto wachanga kwa imani kwamba ni "meno ya nailoni" yanayoleta maradhi huharibu hata vichipukizi vya meno ya kudumu.

Wapo wanaosema meno ya utotoni yatadondoka tu, ya nini kuyaziba? Yatadondoka, ila kabla ya hapo yana kazi ya kushika nafasi. Wapo wanaosema kupinda ni urithi. Ni kweli, taya dogo na meno makubwa hurithiwa, na mtoto wa namna hiyo huenda akahitaji waya za kunyoosha meno baadaye. Kuoza kwa gego kutamwongezea tatizo. Wengine watasema matibabu ni ghali na hospitali ya KCMC iko mbali, Moshi. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana kinga inafaa kutangulia: mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye madini ya floridi, mzazi akisimamia, na pipi na soda zipungue.

Gego likitoboka, ulizia kwanza kama linaweza kuzibwa. Ikilazimu ling'olewe, muulize daktari kuhusu kifaa cha kutunza nafasi. Mzazi, mtoto wako akitimiza miaka 7, mpeleke akapimwe meno hata kama hasikii maumivu.