Resini si uvivu, jamani!

Kuna kauli inayonikera: eti anayesafisha mchanganyiko wake kwa resini ni mvivu, na mwanakemia wa kweli hushinda siku nzima akimwagia safu ya silika kiyeyushi. Leo nawajibu, ingawa kazi yangu ni kuandika programu.

Tuanze na shida yenyewe. Unachanganya A na B ili upate C. Ili A iishe yote, unazidisha B. Mmenyuko ukikamilika, una C pamoja na B iliyobaki. Hiyo B sasa ni uchafu. Utaitoaje?

Safu ya silika hutenganisha kila kitu polepole na kunywa kiyeyushi kingi, mara nyingi daikloromithani, ambayo Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake mwaka 2024.

Sasa resini. Chukua punje za polistairini, plastiki ileile nyeupe inayozingira televisheni mpya ndani ya boksi, ila hapa nyuzi zake zimefungamanishwa ili zisiyeyuke. Juu ya punje hizo pachika kundi la kemikali linaloinasa B na kuiacha C. Kama B ni amini, pachika isosianeti. Koroga, subiri, chuja. B imebaki kwenye punje, C imepita. Wanaprogramu wenzangu, hiyo ni grep -v tupu!

Tena wazo hili si la juzi. Bruce Merrifield alijenga peptidi juu ya punje za aina hii mwaka 1963, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mwaka 2002 Steven Ley na wenzake wa Cambridge walitengeneza plikamini, kemikali ya mimea, hatua baada ya hatua, kwa vitendanishi na visafishaji vilivyofungwa kwenye polima. Huo nao ni uvivu?

Wapinzani wana hoja mbili za maana.

Kwanza, bei. Ukiwa na milimoli 1 ya amini iliyozidi, na resini yenye milimoli 2 kwa gramu, ukiiweka mara tatu ya mahitaji unatumia gramu 1.5. Ni pesa, nakubali, na kwa tani za kiwandani hesabu hubadilika. Lakini hesabu pia silika, kiyeyushi, gharama ya kukitupa, na siku nzima ya mtu. Rahisi huvunja upishi.

Pili, resini haishiki uchafu usio na pa kushikwa, na ile isiyovimba katika kiyeyushi chako hulala tu chini ya chupa. Kweli kabisa! Ndiyo maana ni lazima uujue uchafu wako kabla hujaanza kuchanganya. Mvivu atayaweza hayo?

Halafu kuna paladiamu, metali inayotumika kama kichocheo katika kutengeneza dawa nyingi. Miongozo ya kimataifa ya ICH inaruhusu mikrogramu 100 kwa siku katika dawa ya kumeza, na 10 tu katika ya sindano. Resini zenye thioli huinasa. Mgonjwa anayemeza kidonge hana haja na jasho la mwanakemia. Ana haja na kilichobaki ndani ya kidonge.

Kwa hiyo acheni kupima usafi kwa jasho. Pimeni kilichobaki kwenye chupa. Mwenye hoja nyingine ailete, ila aje na hesabu.